Mashamba yanauzwa kwa dole gumba: vijiji vya mbali tuanze kusomesha watoto au wazazi?

#1 Kijana wa Umalila
Habari za humu wakuu. Niko Umalila, Mbeya Vijijini, nalima viazi na pareto kidogo. Nina hoja naomba tuichambue bila matusi.

Kila kiongozi akipanda huku juu anaongelea madarasa, madawati na vyoo vya shule. Sawa, vinahitajika. Ila mtoto anayeanza la kwanza leo, mpaka kusoma kwake kuje kuleta hela nyumbani ni miaka kumi na tano huko mbele. Wanaoamua LEO shamba auziwe nani, viazi vitoke kwa bei gani, mtoto yupi aende sekondari na yupi apelekwe Dar kazi za ndani, ni baba na mama, na wengi hapa kitongojini kwetu hawajui kusoma au walijua zamani wakasahau.

Juzi kati mama jirani yangu kaniletea karatasi nimsomee. Ilikuwa imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni, katika kopo ili panya wasiile. Yeye anavyojua marehemu mumewe alikodisha ekari mbili kwa misimu mitatu. Karatasi inasema AMEUZA, na chini pana dole gumba la wino wa bluu na mashahidi wawili, wote upande wa mnunuzi. Miaka yote hiyo mama kaitunza akiamini ndo kinga yake.

Kwa hiyo nasema hivi: umaskini wa vijiji vya mbali utapungua haraka zaidi tukianza na kisomo cha watu wazima kuliko kuongeza chumba cha nane cha darasa kwenye shule ile ile. Nawasilisha.

#2 Kona57
Mkuu kabla ya mjadala, hiyo karatasi usikae nayo, mpeleke mama baraza la ardhi la kata mapema. Madai ya ardhi yana ukomo wa miaka 12, ikipita hapo kazi inakuwa ngumu sana.

#3 Parachichi Moja
Naunga mkono asilimia mia. Huku Rungwe nimeona wazee wanasaini mikataba ya parachichi kurasa nne na hawajui hata jina la aliyewaletea. Akiulizwa anakwambia "walisema watanunua yote". Ukisoma ndani kumbe wananunua yenye ukubwa fulani tu, na zinazobaki ni zako na nguruwe wako.

#4 Mwalimu wa Kilolo
Mleta uzi unanivunja moyo kidogo. Mimi nafundisha la pili na la tatu, tuko walimu wanne shule nzima na mmoja kati yetu ni wa kujitolea, analipwa kwa michango ya wazazi pale inapopatikana. Unasema darasa la nane kama vile tunayo saba. Huku kuna shule zina madarasa matatu, asubuhi wanaingia hawa, mchana wale.

Na watoto wanatoka mbali kweli. Juni na Julai ukungu haunyanyuki mpaka saa nne, mtoto wa miaka saba kavaa ndala, kapita mabonde mawili, anafika mikono imekakamaa kwa baridi hawezi kushika penseli. Namwacha kwanza aote moto jikoni shuleni. Hajanywa chai. Saa tano anasinzia. Halafu mwisho wa mwaka tunaulizwa kwa nini hajui KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Wakuu, tatizo la kwanza ni njaa na umbali, haya ya kisomo cha wazazi yanafuata.

#5 Mkinga Halisi
Kamwene wote. Naomba niwe tofauti. Mnaongea kama vile kusoma ndo kunaleta hela. Nendeni Mwanjelwa, nendeni Makambako, nendeni Kariakoo mkaulize maduka ni ya nani. Wakinga kibao walitoka Makete na darasa la saba au hata bila hilo, wakaanza kubeba mizigo ya watu, leo wana maghala. Mjomba wangu saini yake ni mstari mmoja na nukta lakini ukimwibia shilingi mia anajua kabla hujafika mlangoni.

Kilichomtoa Mkinga ni barabara ya kushuka kwenda kwenye hela. Wekeni lami, mkulima atafute soko mwenyewe. Umalila mvua ikinyesha lori linakwama siku mbili na viazi vinaoza juu yake, sasa utamsomea nani?

#6 Mzee wa Kisomo
Kijana wa Umalila umenikumbusha mbali sana. Nimefundisha kisomo Mufindi nikiwa kijana, jioni baada ya shamba, kwa karabai moja, wanafunzi wangu wengine walikuwa na umri wa mama yangu.

Vijana wengi humu hamjui nchi hii ilifanya nini. Sensa ya 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa kama theluthi mbili. Mwalimu Nyerere akautangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, hapo ndipo alipokuja na wazo la kuanza na watu wazima. Zikaja kampeni za redio: Mtu ni Afya mwaka 1973, kisha Chakula ni Uhai mwaka 1975. Tulikuwa tunakaa kikundi, redio moja, kitabu kimoja, kipindi kikiisha tunajadili halafu tunaenda kufanya. Kijiji kizima tulichimba vyoo, hatukungoja mfadhili. Mtihani wa taifa wa kisomo wa 1986 ukaonyesha wasiojua wamebaki chini ya asilimia 10.

Na vitabu vyenyewe vilihusu kilimo na maisha ya watu. Anayelima pamba anajifunzia herufi kwenye pamba, mvuvi kwenye samaki. Ndo kilikuwa kinaitwa kisomo chenye manufaa.

#7 Dada wa Ilembula
Mzee shikamoo. Swali langu la heshima: kama 1986 walibaki chini ya asilimia 10, hawa wa kuweka dole gumba tulionao leo wametoka wapi? Bibi yangu alisoma kisomo na cheti anacho, nimekiona kwa macho. Leo hawezi kusoma jina lake kwenye kadi ya kliniki.

#8 Mzee wa Kisomo
Marahaba mwanangu. Bibi yako alipewa cheti halafu hakupewa cha kusoma. Palikuwa na maktaba za vijiji, palikuwa na magazeti ya vijijini ya herufi kubwa kwa ajili ya waliotoka kisomo. Miaka ya themanini hali ya uchumi ikawa mbaya, karatasi hakuna, mafuta ya taa ya foleni, walimu wa kujitolea posho ikakatika. Mtu asiposoma chochote miaka kumi, herufi zinamtoka.

#9 Nyaraka za Kale
Mzee #6 rekebisho dogo. Wazo la kuanza na watu wazima halikuja 1970. Nyerere alilisema 1964 wakati wa Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa miaka mitano, kwamba watoto hawataleta athari kwenye uchumi kwa miaka mitano, kumi au hata ishirini, kwa hiyo lazima kwanza tuelimishe watu wazima. Yaani hoja ya mleta uzi ina miaka sitini. Tamko la Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima lenyewe lilitolewa mkesha wa mwaka mpya, 1969 ikiisha.

Na kuhusu hizo takwimu za 1986 mimi nina mashaka. Waliofundisha ndio waliosimamia mitihani mara nyingi, na kila wilaya ilitaka kusifiwa. Inawezekana wengi hawakuwahi kufika mahali pa kusoma vizuri, kwa hiyo hawakusahau, hawakujua tangu mwanzo.

#10 Mzee wa Kisomo
Nyaraka wewe ulikuwepo? Mimi wanafunzi wangu walikuwa wanaandikiana barua na waume zao waliokuwa wanajenga reli ya TAZARA. Barua nilikuwa naziona.

#11 Nyaraka za Kale
Sijakataa darasa lako mzee wangu, nakataa jumla ya taifa.

#12 mtu_wa_mbozi
Ndugu zangu tusibaki 1970. Mkinga Halisi #5 mjomba wako anajua HESABU ndo maana hakuibiwa. Hapo ndo penyewe. Huku Mbozi kwenye kahawa, mkulima anapeleka kahawa chamani, karani anapima, anaandika kilo kwenye stakabadhi. Asiyejua namba anapokea karatasi anaikunja anaweka mfukoni. Kuna msimu chama kimoja hapa (jina naliacha) kilo zilikuwa zinapungua kati ya mzani na kitabu, kidogo kidogo, nusu kilo, kilo moja. Aliyegundua ni binti wa darasa la sita aliyeenda kumsaidia bibi yake kubeba. Kasoma mshale, kasoma karatasi, kasema kwa sauti "bibi hapa wameandika kumi na sita". Ukumbi mzima kimya. Baada ya hapo kila mtu akaanza kuja na mtoto wa shule.

Sasa mleta uzi, hapo aliyeokoa ni mtoto au mzazi?

#13 Kijana wa Umalila
#12 umenibana mkuu hahaha. Ila fikiria bibi angekuwa anajua mwenyewe tangu mwanzo, hiyo misimu yote ya nyuma angepona.

#14 Mama Hisa
Mimi ni katibu wa kikundi cha hisa Wanging'ombe. Nichangie kidogo.

Kwetu kitabu cha mwanachama hakina maandishi mengi, kina mihuri. Hisa moja muhuri mmoja. Mama asiyejua kusoma anahesabu mihuri yake kwa kidole, anajua ana hisa ngapi, na wote tunakariri kwa sauti hela iliyobaki kwenye sanduku kabla ya kulifunga kwa kufuli tatu, wiki ijayo tukifungua mtu yeyote anaulizwa ilikuwa shilingi ngapi. Kwa hiyo kuweka akiba hakuhitaji kusoma.

Shida inaanzia kwenye mkopo. Riba, marejesho, faini, hapo anayejua kuandika ndo anakuwa mwenyekiti, mhasibu na katibu miaka yote. Nimekuwa katibu muda mrefu sana na sipendi, siku nikiamua kuwa mwizi hakuna wa kunikamata. Nimeanza kuwafundisha wenzangu wawili, tunatumia daftari lile lile la kikundi. Mmoja sasa anaandika majina yote ya wanachama. Mwingine namba anaziweza ila maneno bado.

#15 Mwalimu wa Kilolo
Mama Hisa Mungu akubariki. Na watoto wa hao wenzako uliowafundisha utaona tofauti shuleni, hilo nalijua. Mtoto ambaye nyumbani kuna mtu wa kumkagulia daftari anaonekana siku ya kwanza tu.

Kuna jambo jingine hakuna aliyeligusa. Lugha. Mtoto wa kitongoji cha ndani anakuja la kwanza anajua Kihehe tu, kwao Kiswahili anakisikia kwenye redio. Nami natokea Kanda ya Ziwa, Kihehe changu ni cha salamu. Miezi ya mwanzo tunaangaliana. Anajifunza herufi za lugha ambayo haijui, anaimba a e i o u vizuri kabisa na haelewi sentensi hata moja. Wenzake wa Iringa mjini wanamwacha hapo hapo na mwanya haufungiki mpaka la saba.

#16 Parachichi Moja
#15 ni kweli, huku kwetu Unyakyusani hivyo hivyo. Nilivyoanza la kwanza mwalimu alinituma ufagio nikamletea kiti.

#17 Kona57
Sikubaliani na hili la lugha. Sisi wote tumeanza hivyo hivyo na tumefika. Mimi Matamba pale juu Kikinga ndo kilikuwa kila kitu, Kiswahili nilikipatia shule. Walimu wa zamani walikuwa wanakaa kijijini, mwalimu anajua baba yako nani na usipokuja anakufuata. Siku hizi mwalimu anapangiwa Makete anapanda gari, likianza zile kona za Chimala anahesabu zinafika hamsini na saba, akifika juu anaandika barua ya uhamisho siku hiyo hiyo. Hapo ndo pa kushughulikia. Nyumba za walimu na posho ya mazingira magumu.

#18 Nyasa Mashariki
Kona57 nyie mna kona, sisi hatuna hata barabara. Niko mwambao wa Ludewa, ziwani. Kuna vijiji hapa njia ni mtumbwi au miguu kwenye milima ya Livingstone. Kusi likivuma hakuna anayetoka wala kuingia, chaki zikiisha zimeisha. Vitabu vya darasa la kwanza vikiletwa mwezi wa tano tunashukuru.

Mkinga Halisi kasema barabara kwanza, mimi namuunga mkono ila si kwa sababu yake. Barabara ndo inaleta mwalimu.

#19 Jembe na Kalamu
Tusisahau kuwashukuru waliofanya. Elimu bure ilianza 2016 na Magufuli, kabla ya hapo mtoto wa maskini alikuwa hasomi.

#20 Nyaraka za Kale
#19 si sahihi mkuu. Ada ya shule ya msingi ilishafutwa enzi za Mwalimu, halafu michango ikarudi miaka ya themanini na tisini, wengi mnakumbuka ule mchango wa UPE (elimu ya msingi kwa wote). Mkapa akaifuta tena kwa MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza 2002, madarasa yakafurika. Cha 2016 ni kufuta ada na michango mpaka kidato cha nne na kupeleka ruzuku moja kwa moja shuleni. Kidato cha tano na sita ni 2022. Kila mmoja apewe haki yake.

#21 Mwalimu wa Kilolo
Na hiyo ruzuku tuiseme ilivyo. Shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, sehemu yake inabaki juu kwa ajili ya vitabu, inayofika shuleni ni 6,000. Shule ya watoto 180 piga hesabu mwenyewe. Chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, michezo. Shule kubwa ya mjini yenye watoto elfu mbili inapumua, shule ndogo ya porini ndo inakufa, wakati mahitaji yake mengi yako pale pale.

#22 Nesi wa Makete
Nimesoma uzi wote leo nikiwa zamu. Nawaletea upande mwingine.

Utafiti wa VVU wa 2022-23 uliweka Njombe asilimia 12.7 ya watu wazima wakati taifa ni 4.4. Makete tumezika kizazi kizima cha wazazi, kwa hiyo "mzazi" mnayemsema huku mara nyingi ni bibi. Bibi wa miaka sabini analea wajukuu wanne, mmoja yuko kwenye dawa. Mtoto akiongezeka uzito tunabadilisha dozi. Naandika kwenye kadi, namweleza, anaitikia "ndiyo mwanangu". Kuna bibi mmoja nilikuta anatunza vifuniko vya soda dirishani, kimoja asubuhi, kimoja jioni, akimpa mtoto dawa anakihamishia upande wa pili wa dirisha. Mtoto anaendelea vizuri sana na bibi hajui herufi hata moja.

Kwa hiyo sitaki mtu aseme hawa wazee ni wajinga. Ila tulipobadilisha dawa kuwa mara moja kwa siku ilinibidi nipande mwenyewe mpaka kwake nimwondolee kifuniko kimoja, maana karatasi ya maelekezo tuliyompa aliitumia kuwashia moto.

#23 Mkinga Halisi
Nesi hapo umenigusa. Hata hivyo bibi kafanikiwa kwa akili yake.

#24 Nesi wa Makete
Kafanikiwa kwa sababu nilipanda. Nina wagonjwa wengi, siwezi kupanda kwa wote.

#25 Dada wa Ilembula
Naomba tuongelee mabinti. Kila mwaka baada ya mtihani wa la saba utaona anakuja mama amevaa vizuri, anatafuta mabinti wa kwenda Dar. Anawapa wazazi hela kidogo na vitenge. Binti wa miaka kumi na tatu anapanda basi Makambako usiku. Mwingine amefaulu kabisa, jina liko ukutani pale shuleni, ila baba hajalisoma na mama hajalisoma, na binti anaogopa kusema kwa sababu nyumbani wameshapokea hela.

Na wanaoenda sekondari, shule ya kata iko mbali, wanapanga mageto. Watoto wa kike wawili chumba kimoja, mlango wa bati, chakula cha wiki wamebeba kutoka nyumbani. Mimba zikitokea tunashangaa nini? Tangu mwishoni mwa 2021 wanaruhusiwa kurudi shule baada ya kujifungua, mimi ninaowajua hapa waliorudi ni wachache, wengine hawajui kabisa kama wanaruhusiwa. Tangazo lilibandikwa ubao wa ofisi ya kata. Linasomwa na nani?

#26 Parachichi Moja
Dada hapo umemaliza. Hosteli kwanza.

#27 Jembe na Kalamu
TASAF, ule Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, wanasaidia hapo. Kaya iliyo kwenye mpango wao wa kunusuru kaya maskini inatakiwa mtoto ahudhurie shule asilimia 80 ya siku, la sivyo malipo yanakatwa. Kwetu Ileje watoto wamebaki shule kwa sababu hiyo.

#28 mtu_wa_mbozi
Kuhudhuria ndiyo. Kusoma je? Anakaa darasani asilimia 80 na anatoka hajui kusoma, takwimu nzuri ila mtoto ni yule yule.

#29 Mkinga Halisi
Tumefika posti ya 29 hakuna aliyetaja lumbesa, lile gunia la kujazwa kupita kipimo. Mkulima wa viazi hata akiwa na digrii, dalali anakuja na gunia lake limeshonewa kilemba juu, anakwambia jaza. Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100. Kila mtu Umalila anajua. Kijana mleta uzi ana chuo, muulizeni anauza kwa kilo?

#30 Kijana wa Umalila
Nitajibu ukweli. Siuzi kwa kilo. Nikikataa lumbesa dalali anahamia kwa jirani. Tulijaribu vijana sita kuuza kwa mizani, lori likatupita likaenda kupakia mbele. Siku ile nilielewa kwamba kusoma kwangu peke yangu hakuna nguvu. Kijiji kizima kikijua kilo ni nini na kila mtu akiweza kupiga hesabu ya hasara anayopata kwenye kile kilemba, dalali hana pa kuhamia. Ndo maana nang'ang'ania watu wazima, na wawe wengi kwa pamoja.

#31 Mkinga Halisi
Au mjenge ghala mpakie lori lenu wenyewe. Hela ya karabai na chaki wekeni kwenye mafuta ya lori.

#32 Kijana wa Umalila
Asanteni wote kwa michango, nimejifunza mengi. Mama wa karatasi tumeshafika kata. Pale tumeambiwa baraza la kata siku hizi linasuluhisha tu, kuamua ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kwa hiyo tunangoja usuluhishi kwanza. Miaka 12 haijatimia.

Sasa Mzee wa Kisomo nina maombi. Nataka kuanza darasa hapa, wameshakubali akina mama kumi na kitu na wanaume wawili. Naanzia wapi?

#33 Mzee wa Kisomo
Safi sana. Nenda halmashauri umwone Afisa Elimu ya Watu Wazima, kila halmashauri anaye, usajiliwe na upate vitabu kama vipo. Ulizia MUKEJA, ule mpango wa kisomo kwa watu wazima. Kwa vijana walioacha shule ulizia MEMKWA, ule mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima wana mpango wao wa vijana walio nje ya shule, unachanganya kusoma na ufundi.

Usianze na a e i o u. Anza na namba na majina yao. Mtu akiweza kuandika jina lake atarudi kesho, na akiweza kusoma mshale wa mzani atamleta mwenzake. Leta chupa ya dawa ya ukungu wa viazi darasani, msome pamoja vipimo vyake, wengi wanakisia kwa kizibo. Msimu wa kuvuna usiwafundishe, watakukimbia. Wanaume wataona aibu kukaa na wake zao, watenge mwanzoni. Na siku za ulanzi, pombe yetu ya mianzi, usipange kipindi jioni hahaha.

#34 Mama Hisa
Kijana, tumia vitabu vyao vya hisa kama wana kikundi. Wanavipenda kwa sababu hela yao imo humo.

#35 Mwalimu wa Kilolo
Na mimi nitajaribu huku, wazazi wakija kuleta mahindi ya uji wa shule niwashike hapo hapo. Ila naendelea kusema, nipeni mwalimu wa tano kwanza. Nikifundisha mchana watoto 70 na jioni wazazi nitaanguka.

#36 Nyaraka za Kale
Mzee amesema "vitabu kama vipo". Hapo ndipo mpango wa kwanza ulipofia kwa maelezo yake mwenyewe #8. Kijana, wakishajua kusoma watasoma nini kijijini hapo? Fikiria hilo kabla hujatangaza darasa.

#37 Nyasa Mashariki
Watasoma meseji. Kila nyumba ina kitochi, simu ndogo ya batani. Kwetu wazee wanampa wakala simu pamoja na namba ya siri amtolee hela, mjukuu akituma elfu hamsini bibi anapokea thelathini na tano anashukuru Mungu.

#38 Kona57
Na majina ya waliofaulu ukutani, kama alivyosema dada wa Ilembula.

#39 Mkinga Halisi
Bado nasema barabara. Ila Kijana, lori langu linapita Ilembo kila Alhamisi, chaki na madaftari nitakubebea bure, tuambie tu mzigo unachukuliwa wapi mjini.

#40 Kijana wa Umalila
Mkinga ndaga fijo! Nitakupigia PM. Mwalimu wa Kilolo swali la mwisho leo, hilo darasa la shule ya msingi jioni ruhusa anatoa nani, mwalimu mkuu au mtendaji wa kijiji?

#41 Mwalimu wa Kilolo
Ufunguo anao mwalimu mkuu. Mwandikie barua, nakala kwa mtendaji na kwa mwenyekiti wa kamati ya shule, na taa mje nayo wenyewe maana sola ya shule ikiwashwa jioni asubuhi ofisini hakuna chaji.